Pua Ilitangulia

Mwaka 1989, katika maabara ya kampuni ya IBM huko California, mwanafizikia Don Eigler alizipanga atomu 35 za zenoni juu ya kipande cha nikeli, moja baada ya nyingine, mpaka zikaandika herufi tatu za jina la kampuni hiyo. Picha ya herufi zile ilizunguka dunia. Tangu hapo, sanaa na teknolojia ya nano zikitajwa pamoja, wengi wetu hufikiria picha: vilima vya buluu, mabonde ya rangi ya dhahabu, safu za chembe zinazong'aa. Maonyesho mengi yaliyofuata yamejengwa juu ya mazoea hayo, na mazoea hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga hapa. Nadai kwamba macho ndiyo yenye haki ndogo kuliko hisi zote katika ulimwengu huo mdogo, na kwamba pua na ngozi zimekuwa zikifanya kazi humo tangu binadamu awepo. Ikiwa ndivyo, basi anayetaka kujua sanaa ya nano inaweza kuwa nini hana budi kwenda kwa jamii zilizolea sanaa ya harufu na ya mguso kizazi baada ya kizazi. Katika upwa wetu sioni pa kuanzia panapofaa zaidi ya kisiwa cha Pemba.

Tuanze na vipimo. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kwa kawaida wataalamu huita nano kile kilicho kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hivi hadi 700, na kitu cha nanomita mbili tatu ni kidogo mno kwa mawimbi hayo kukichora, hata lenzi iwe bora vipi. Ndiyo maana chombo kilichofungua mlango wa nano hakikuwa cha kutazamia. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliokibuni mjini Zurich mwaka 1981 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, walichukua sindano ambayo ncha yake inaishia kwenye atomu moja, wakaipitisha karibu kabisa na uso wa kitu, wakapima mkondo mdogo wa umeme unaovuka mwanya uliobaki. Mwaka huohuo wa 1986 Binnig na wenzake wakaleta chombo cha pili, ambacho sindano yake husikia nguvu iliyopo kati ya ncha na uso wenyewe. Vyombo hivi hupapasa, mstari kwa mstari, kama asiyeona anavyosoma nukta nundu, na kompyuta hubaki na orodha ya namba. Rangi hutiwa mwishoni, kwa hiari ya mtu aliyekaa mbele ya skrini, kwa sababu atomu moja haina buluu wala dhahabu. Kwa hiyo picha maarufu za nano ni tafsiri za mguso zilizovishwa nguo za macho. Kuzipenda si kosa, ila ni kosa kudhani kwamba zimetuonesha kitu kama kilivyo.

Pua haihitaji tafsiri hiyo. Harufu ni molekuli zilizoachana na kitu zikaruka hewani, zikavutwa, zikafika kwenye utando ulio juu ndani ya pua, na huko zikagusana na protini zinazozipokea. Yujenoli, ambayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu, ina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni, na molekuli yake nzima ina urefu wa nanomita moja hivi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walizitambua jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Nobel mwaka 2004, na leo inajulikana kwamba binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vinavyofanya kazi. Kila molekuli huamsha kundi lake la vipokezi, na ubongo husoma mkusanyiko huo kwa jumla. Usomaji wenyewe ni wa makini ajabu. Kuna kemikali iitwayo kavoni yenye maumbo mawili: atomu ni zilezile na idadi ni ileile, ila umbo moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Umbo moja hunukia nanaa, la pili hunukia kisibiti. Mpishi anayetofautisha majani ya nanaa na punje za kisibiti huku amefumba macho anatofautisha mpangilio wa atomu katika nafasi isiyozidi nanomita moja. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Vidole navyo havijaachwa nyuma sana. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm walitengeneza nyuso zenye makunyanzi ya ukubwa mbalimbali, wakawapa watu wazipapase. Watu waliweza kupambanua uso laini kabisa na ule wenye makunyanzi yenye kimo cha nanomita 13 tu. Karafuu yenyewe, ukiisikiliza vizuri, ni harufu na mguso kwa pamoja. Yujenoli huamsha kwenye ngozi na mdomoni kipokezi kilekile kinachosikia vuguvugu, na ikizidi hutia ganzi, ndiyo maana mwenye jino bovu huambiwa aibane karafuu, na madaktari wa meno wakaiingiza katika dawa zao. Anayesema karafuu ina harufu ya moto hapigi chuku. Anaeleza jambo linalotokea kweli mwilini mwake, kwa kipimo cha nano.

Hapo ndipo Pemba inapoingia kwenye hoja. Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaueneza kwa amri na kwa jasho la watumwa, jambo ambalo historia ya harufu hii haina ruhusa ya kulisahau. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Kwa hiyo watu wa Wete, Konde, Mkoani na Chake Chake wamekaa karne moja na nusu ndani ya harufu moja, tena kwa ujuzi. Karafuu huchumwa vikonyo kwa vikonyo kabla ua halijachanua, huchambuliwa kwa mikono, punje upande huu na makonyo upande ule, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Punje iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio mkavu, na ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta. Iliyoanikwa vibaya, au iliyonyeshewa na kurundikwa mbichi, hupoteza rangi na harufu yake hufifia. Ukaguzi wote huo hufanywa na kidole, sikio na pua, macho yakisaidia tu. Makonyo nayo hayatupwi. Huko Wawi, Chake Chake, kiwanda cha makonyo huyapitishia mvuke, mvuke ukabeba mafuta, ukapozwa, na mafuta ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, yakazama chini yakakingwa. Huko ni kuzitenga molekuli na mti wake, jambo ambalo watu wa Pemba wanalijua kwa mazoea ya kazi hata kabla halijaandikwa ubaoni.

Hata hivyo kilimo na kiwanda peke yake si sanaa. Sanaa huanza pale harufu inapotungwa, na huko mwenye neno ni mwanamke. Mtengeneza udi huchukua vipande vya mti wa udi, huyeyusha sukari mpaka iwe shira ya kiasi anachokijua yeye, huchanganya na maji ya waridi na mafuta anayoyateua, kisha huacha mchanganyiko ukomae. Siku ya kutumika, kipande huwekwa juu ya kaa la moto kwenye chetezo, nguo ikatandazwa juu ya tenga ili moshi uingie nyuzini. Singo ya bibi harusi ni utungo wa aina nyingine: karafuu, maua makavu, liwa iliyosagwa juu ya jiwe, vyote vikapondwa na kupondwa tena mpaka viwe laini kwa kiwango kinachopimwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha somo akamsinga mwari wake kwa mikono. Hapo harufu na mguso haviwezi kutenganishwa. Kikuba nacho hufungwa kwa asumini, kilua na rehani, kikavaliwa siku moja tu. Katika tungo hizi zote kuna mfuatano unaopangwa: kipi kisikike kwanza, kipi kifuate, kipi kibaki kwenye kanga siku ya tatu baada ya wageni kuondoka. Mtunzi wa harufu hutunga kwa wakati, na kanuni yake ya msingi ni kwamba molekuli nyepesi huondoka mapema na nzito huchelewa. Kazi yake ni kuzihimiza nyingine na kuzizuia nyingine.

Kuzuia huko ndiko hasa teknolojia ya nano inakokutafuta siku hizi. Wakemia hutumia kemikali iitwayo saiklodekstrini, ambayo ni pete iliyoundwa kwa molekuli za sukari, saba katika aina inayotumika zaidi, na tundu la katikati lina upana usiofika nanomita moja. Molekuli ya yujenoli huingia humo ikakaa, ikalindwa na hewa, kisha ikaachiwa polepole. Njia nyingine ni kuyavunja mafuta katika maji mpaka matone yawe madogo kuliko nanomita 100, na hapo mchanganyiko unaweza kuonekana mwangavu kama maji matupu ilhali umebeba mafuta tele. Shira ya mtengeneza udi haitengenezi pete za saiklodekstrini, na sitaki kuchanganya mambo hayo mawili. Ninachosema ni kwamba wote wawili, mwenye sufuria na mwenye maabara, wanashughulika na swali moja la kisanaa: harufu ikae wapi, itoke lini, na iondoke kwa mwendo gani. Mwenye maabara ana zana za kuishika molekuli moja moja, ilhali mwenye sufuria ana hukumu iliyokomaa kuhusu nini kifanywe kwa uwezo huo. Leo zana zimeenda mbali kuliko hukumu, na manukato mengi ya kiwandani yanayodumu saa nyingi hayasemi chochote kipya baada ya dakika tano.

Zipo kazi chache za nje zinazothibitisha kwamba njia hii inapitika. Mwaka 2003 msanii Victoria Vesna na mwanasayansi James Gimzewski, wote wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliandaa maonyesho ya nano katika jumba la sanaa la mji huo, ambamo mgeni alitakiwa kuingia kwa mwili mzima, asisimame tu kutazama. Mwaka uliofuata Gimzewski, pamoja na Andrew Pelling na wenzao, walichapisha matokeo ya kuiweka sindano ya kupapasa juu ya seli hai ya hamira. Ukuta wa seli ulikuwa ukitikisika kwa kimo cha nanomita 3 hivi, mara kama elfu moja kwa sekunde, mtikisiko ambao ukikuzwa sikio letu huusikia kama sauti. Walipoizuia seli isizalishe nguvu zake, mtikisiko ulikoma. Kazi hii naiheshimu kwa kuwa sauti ile haikupambwa kama zilivyopambwa rangi za picha: mwendo wa seli wenyewe ndio ulioongezwa ukubwa mpaka ukasikika. Kipimo cha sanaa ya nano kiwe hapo. Msanii aulizwe ni kiasi gani cha kitu chenyewe kimemfikia msikilizaji, na ni kiasi gani kilichobuniwa njiani. Kwa kipimo hicho harufu hushinda hata sauti, kwa sababu haikuzwi kabisa. Molekuli iliyotoka kwenye karafuu ndiyo hiyohiyo inayogusa kipokezi.

Pingamizi la kwanza ni la kale, na lina watetezi wakubwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliiweka harufu chini kabisa katika daraja za hisi, akaiona kama isiyo na shukrani na isiyo ya lazima, tena yenye kumwingilia mtu bila idhini yake. Waliomfuata waliongeza kwamba harufu haina muundo unaoweza kujadiliwa: hupendeza au huchukiza, basi. Hoja ya kuingilia ina ukweli, lakini muziki pia huvuka ukuta wa jirani bila kubisha hodi, na hakuna aliyeufukuza katika sanaa kwa sababu hiyo. Hoja ya muundo inaanguka mara tu unapozisikiliza hukumu za wenye kazi. Wakikaa wanawake wawili kuujadili udi, hawaishii kwenye uzuri na ubaya. Watasema sukari imeungua na inatangulia mbele, au waridi limemezwa, au udi unaanza vizuri lakini hauna mwisho. Huo ni uhakiki, wenye sehemu, mpangilio na sababu. Na kama kutodumu ni dosari, basi tufute ngoma na taarabu zote zilizopigwa kabla ya kuwepo kwa santuri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanasayansi. Wao husema teknolojia ya nano ni kuidhibiti maada kwa kukusudia katika kipimo hicho, na mtu asiyejua molekuli ni nini hawezi kusemwa anaishughulikia. Kuwaita watengeneza udi wanateknolojia ya nano ni kuwabembeleza, na kila kitu duniani kimejengwa kwa atomu. Nakubali. Sidai kwamba Pemba ilivumbua nano, na dai la namna hiyo lingeidhalilisha sayansi na watengeneza udi kwa pamoja. Ninachodai ni jambo jembamba kuliko hilo, na gumu kulikwepa: kazi inapohukumiwa kwa pua na ngozi, ujuzi wa kuhukumu hauko maabara. Mkemia anaweza kusema yujenoli imeachiwa kwa saa nane. Hawezi, kwa ukemia wake, kusema kama saa nane ni nyingi mno kwa chumba cha maharusi. Nchini kwetu ujuzi wa kutengeneza upo: mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji linalotumia nano. Kilichopungua ni kuukutanisha ujuzi huo na hukumu ya sanaa.

Pingamizi la tatu ni la hofu, nami naliona lina haki zaidi ya mengine. Harufu ikishaeleweka kwa molekuli zake, huondoka mikononi mwa wenyewe. Historia ya karafuu ina funzo hapa: zamani viwanda vya nje viligeuza yujenoli kuwa vanilini, ladha ya vanila ya kutengenezwa, mpaka vilipopata malighafi rahisi zaidi, yakiwemo mabaki ya viwanda vya karatasi, na soko lile la karafuu likafifia. Tangu mwaka 1982, Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick walipotengeneza pua ya elektroniki, mashine za kutambua harufu zimezidi kuwa ndogo na kali, na zingine sasa hutumia mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache. Mtu anaweza kuuchukua utungo wa udi wa Wete, akaupima, akauza nakala yake mji wa mbali bila kumtaja aliyeutunga. Kuna pia suala la afya: moshi wa udi wenyewe una chembe ndogo kuliko nanomita 100, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na vidonge vya nano vya kubebea harufu navyo vinapaswa kuchunguzwa kabla ya kuvutwa na watu. Hofu hizi hazinirudishi nyuma. Zinanionesha kwamba wenye harufu wanatakiwa kuwemo mapema, wakiwa na majina na haki zao, kwa sababu asiyekuwemo mwanzoni huitwa mwishoni kama chanzo tu, na chanzo hakilipwi. Hata suala la moshi linawahitaji: anayetaka harufu ya udi isiyo na masizi lazima amuulize mtengeneza udi ni kipi katika moshi ule kisichoweza kuondolewa bila udi kufa.

Kinachotakiwa hakihitaji jumba kubwa. Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, chenye kampasi Pemba, Arusha ina wataalamu wa nano, na Wawi kuna kiwanda kinachojua mafuta ya karafuu kuliko kitabu chochote. Hawa wakikubaliana, inawezekana kufungua daftari la tungo za harufu za kisiwa, kila utungo ukiandikwa kwa jina la mtunzi wake na kwa masharti yake, pamoja na vipimo vya molekuli zake. Inawezekana kutunga kazi mpya: kanga ambayo nyuzi zake zimebeba harufu tatu zinazofuatana tangu asubuhi hadi usiku kwa mpango wa mtunzi mmoja, au nyuso za kupapasa ambazo ulaini wake hubadilika pamoja na harufu, kwa hadhira ya wasioona na wanaoona kwa usawa. Wasioona wawemo pia miongoni mwa waamuzi, maana hii ni sanaa ambayo ndani yake hawapungukiwi na chochote. Fedha zitatafutwa na mashine zitanunuliwa. Kisichonunulika ni pua iliyofundishwa na wazee, na mkono unaojua singo imekuwa laini lini. Mradi wowote wa sanaa ya nano utakaofanyika Pemba bila mtengeneza udi kukaa mezani, mwenye sauti sawa na ya mkemia, utakuwa umeanza kwa kumkosa mtaalamu wake wa kwanza.